Kupima kaboni monoksaidi hewani kwa kihisi cha semikondakta: kuanzia hita hadi namba ya ppm

Kinachosomwa kwenye kihisi kama MQ-7 ni ukinzani wa umeme wa tabaka jembamba la oksidi ya bati lililopashwa moto. Ukinzani huo hushuka kaboni monoksaidi inapofika, lakini hushuka pia kwa hidrojeni, kwa mvuke wa pombe na kwa unyevu. Hubadilika volteji ya hita ikiyumba kidogo, au feni ikipuliza karibu. Kwa hiyo kazi kubwa ni kuzibana sababu nyingine zote hadi gesi unayoitafuta ibaki peke yake. Ukishafanya hivyo, kihisi cha bei ndogo kinaweza kutofautisha 50 ppm (sehemu 50 za gesi katika sehemu milioni moja za hewa) na 100 ppm kwa uhakika. Usipofanya, utapata namba kwenye skrini isiyo na maana yoyote.

Jambo moja lieleweke mapema. Kifaa hiki ni cha kupima, kujifunza na kufuatilia mwenendo wa hewa. Kisichukue nafasi ya king'ora kilichoidhinishwa pale watu wanapolala. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na kihisi kilichokufa husomeka sawasawa na hewa safi.

Kinachotokea ndani ya kihisi

Oksidi ya bati ni semikondakta ya aina ya n, yaani umeme hubebwa na elektroni. Ikiwa moto, oksijeni ya hewani hunata juu ya chembe zake na kuzinyang'anya elektroni, ukinzani ukapanda. Gesi yenye kuungua, kama kaboni monoksaidi, hula ile oksijeni iliyonata, elektroni zinarudi, ukinzani unashuka. Gesi zenye kuoksidisha, kama nitrojeni dioksaidi na ozoni, hufanya kinyume: huupandisha. Ndiyo maana hewa ya barabarani yenye kaboni monoksaidi na nitrojeni dioksaidi kwa pamoja inaweza kukupa usomaji unaofanana na hewa safi, kila gesi ikifuta kazi ya mwenzake.

Hapo pia unaona kwa nini oksijeni ni ya lazima. Tutairudia kwenye mitungi ya gesi, maana ndipo vipimo vingi vinapoharibikia.

Vifaa

Nunua kihisi kitupu cha MQ-7, si kile kilichokwisha kulehemiwa kwenye bodi ndogo. Kwenye bodi nyingi hita imeungwa moja kwa moja na 5 V, wakati MQ-7 inataka hita ibadilishwe volteji kwa mzunguko. Utahitaji pia soketi ya pini sita, transista ya MOSFET inayofunguka kwa volteji ndogo (IRLZ44N inatosha), rezista za 100 Ω, 10 kΩ na 20 kΩ yenye usahihi wa 1%, kapasita ya 100 µF, mikrokontrola yoyote, ADC (kigeuzi cha volteji kuwa namba) ya biti 16 kama ADS1115 ukiipata, kihisi cha unyevu na joto kama SHT31, na chanzo cha 5 V kinachoweza kutoa angalau 500 mA bila kuyumba.

Lehemu soketi kwanza, uache moshi wa dawa ya kulehemia uishe kabisa, ndipo uchomeke kihisi. Moshi ule hunata kwenye oksidi ya bati na huchukua muda mrefu kuungua.

Pini za MQ-7 ni A mbili, B mbili na H mbili. A zimeungana ndani kwa ndani, B vilevile. H ndizo za hita. Ukizipima kwa maltimita kihisi kikiwa baridi utapata karibu 31 hadi 33 Ω. Ukisoma chini ya 25 Ω au hakuna mzunguko kabisa, kihisi hicho kirudishe.

Kuunga hita: kosa la 28%

MQ-7 inafanya kazi kwa mzunguko wa sekunde 150: sekunde 60 hita ikiwa kwenye 5 V, kisha sekunde 90 ikiwa kwenye 1.4 V. Awamu ya moto husafisha uso wa kihisi, ikifukuza maji na gesi zilizonata. Awamu ya uvuguvugu ndiyo ya kupimia, kwa sababu katika joto la chini kaboni monoksaidi huonekana vizuri zaidi kuliko methani na gesi nyingine nyingi. Usomaji unachukuliwa mwishoni mwa zile sekunde 90, si katikati.

Njia rahisi ya kupata 1.4 V ni PWM, yaani kuwasha na kuzima 5 V haraka haraka kwa MOSFET. Hapa maelekezo mengi hukosea: hugawanya 1.4 kwa 5, hupata 0.28, kisha huwasha hita kwa 28% ya muda. Hiyo inatoa wastani wa volteji wa 1.4, ila hita haijali wastani wa volteji, inajali nguvu. Nguvu hufuata volteji kipeo cha pili, kwa hiyo uwiano sahihi ni:

(1.4 ÷ 5)² = 0.0784, yaani 7.84%

Kwenye PWM ya ngazi 0 hadi 255, andika 20. Ukiandika 71, ambayo ndiyo 28%, hita itapata nguvu ya karibu 2.65 V. Awamu ya uvuguvugu itakuwa moto mno, kihisi kitaanza kuitikia mvuke wa kila aina, na mkunjo (grafu) wowote uliouchukua kwenye karatasi ya data ya mtengenezaji hautalingana na kihisi chako.

Mpangilio wenyewe: H ya kwanza kwenye 5 V, H ya pili kwenye pini ya juu ya MOSFET (drain), pini ya chini (source) kwenye ardhi. Rezista ya 100 Ω kati ya mikrokontrola na geti, na 10 kΩ kutoka geti hadi ardhi ili hita isiwake yenyewe mikrokontrola inapoanza. Kapasita ya 100 µF iwe karibu na kihisi. Mkondo wa hita kwenye 5 V ni 5 ÷ 33, takriban 150 mA, hivyo usiuchukue kwenye pini ya mikrokontrola.

Kisha pima volteji pale pale kwenye pini za H, wakati MOSFET imefunguka kabisa. Waya mwembamba na soketi iliyolegea huiba volteji. Ikizidi kwa 0.1 V tu, nguvu ya hita inapanda kwa 4%.

Rezista ya mzigo

A iende kwenye 5 V. B iende kwenye rezista ya mzigo, RL, kisha ardhi. Volteji ya kwenye RL, yaani Vout, ndiyo unayoisoma, na ukinzani wa kihisi unapatikana hivi:

Rs = RL × (5 ÷ Vout − 1)

RL ikaribiane na ukinzani wa kihisi kwenye kiwango cha gesi unachokijali. MQ-7 katika 100 ppm huwa kati ya 2 na 20 kΩ, na kwenye viwango vya chini hupanda zaidi. Bodi nyingi za dukani huja na RL ya 1 kΩ, rezista ndogo yenye maandishi 102. Tuseme kihisi chako kina 30 kΩ. Kwa RL ya 1 kΩ utapata 0.16 V, ambayo kwenye ADC ya biti 10 ni hatua 33 tu kati ya 1,024. Kelele za umeme peke yake zinaweza kusogeza hatua mbili tatu. Kwa RL ya 20 kΩ utapata 2.0 V, hatua 410. Kihisi ni kile kile.

Mikrokontrola ya 3.3 V usiiunge moja kwa moja na Vout, kwa kuwa inaweza kupanda kuelekea 5 V na kuiua pini. Weka kigawanya volteji cha 100 kΩ na 200 kΩ, ukikumbuka kwamba hizo 300 kΩ zimekaa sambamba na RL: 20 kΩ yako sasa ni 18.75 kΩ, na ndiyo ya kutumia kwenye hesabu.

Wakati wa kusoma, zima PWM kwa milisekunde chache ili mipigo ya hita isiingie kwenye usomaji. Chukua sampuli 16 au 32, tupa ya juu na ya chini kabisa, zilizobaki zipatie wastani.

Kukiwasha mara ya kwanza

Kihisi kipya, au kilichokaa kabatini kwa miezi, kiache kwenye mzunguko wake wa kawaida kwa saa 48 zisizokatika, kwenye hewa safi. Ukinzani utaanza chini na kupanda taratibu, kwani maji na uchafu uliojikusanya unaungua. Usisawazishe, yaani usilinganishe usomaji na gesi ya kiwango kinachojulikana, kabla ukinzani haujatulia: linganisha usomaji wa saa moja na wa saa inayofuata, na kama tofauti inazidi asilimia mbili tatu, endelea kusubiri. Kila ukikizima na kukiwasha tena, tupa angalau mizunguko michache ya mwanzo.

Kusawazisha kwa gesi inayojulikana

Usitumie moshi wa mkaa wala wa injini kusawazisha. Hujui kiwango chake, umejaa hidrojeni na mivuke mingine ambayo MQ-7 inaiona vizuri, na unaweza kukuua. Nunua mtungi mdogo wa gesi ya kusawazishia, kwa mfano 1,000 ppm ya kaboni monoksaidi ndani ya hewa.

Soma lebo kwa makini. Mitungi mingi iliyotengenezwa kwa ajili ya vihisi vya elektrokemia ina kaboni monoksaidi ndani ya nitrojeni. Ukiifungulia moja kwa moja kwenye MQ-7, oksijeni inatoweka, ukinzani unaporomoka kwa sababu ya kukosa oksijeni, nawe utaamini umeona gesi nyingi sana. Kosa la pili ni ukavu: gesi ya mtungini haina unyevu kabisa, na kihisi kikiwa kwenye hewa kavu husoma tofauti na kwenye hewa ya kawaida. Ndiyo maana tunaichanganya na hewa ya chumba ndani ya boksi badala ya kuipuliza juu ya kihisi.

Tafuta boksi la kioo au plastiki ngumu la lita 10 lenye kifuniko kinachobana. Pima ujazo wake kwa maji, usiamini lebo, kisha ulikaushe vizuri. Lisiwe na ukanda wa silikoni, sababu inakuja. Ndani weka kihisi, SHT31 mbali kidogo na hita, na feni ndogo ya kompyuta inayozunguka polepole bila kupuliza kihisi. Toboa tundu moja, ulizibe kwa kizibo cha mpira usio wa silikoni cha kupitishia sindano.

Unyevu uweke kwa kikombe cha chumvi ya kawaida iliyolowanishwa hadi iwe kama uji mzito, chumvi ikiwa bado inaonekana haijayeyuka. Kwenye 25 °C, hewa iliyofungwa nayo hutulia kwenye 75%. Magnesi kloridi kwa njia hiyo hiyo hutoa 33%. Sasa una ncha mbili za unyevu bila mashine yoyote.

Fanya kazi hii nje au kwenye chumba chenye hewa inayopita, king'ora kilichoidhinishwa kikiwa pembeni. Gesi ya 1,000 ppm si ya kuvuta.

Utaratibu ni huu. Subiri unyevu utulie, kisha soma Rs ya hewa safi kwa mizunguko mitano. Vuta mililita 100 za hewa kutoka boksini kwa bomba la sindano, uzitupe, ingiza mililita 100 za gesi ya mtungi, subiri feni ichanganye. Rudia. Kila ukivuta, unaondoa pia kidogo cha gesi uliyokwisha kuingiza, kwa hiyo kiwango hakipandi kwa 10 ppm kamili kila mara. Hesabu sahihi kwa boksi la lita 10 ni 1,000 × (1 − 0.99ⁿ), ambapo n ni idadi ya sindano. Sindano 5 zinakupa 49 ppm, sindano 10 zinakupa 96, na 20 zinakupa 182. Kwenye kila kituo acha mizunguko mitano ipite, uandike mitatu ya mwisho.

Ukichora Rs dhidi ya ppm kwenye mizani ya logi pande zote mbili, vituo vitakaa karibu na mstari mnyoofu. Tuseme umepata 30 kΩ kwenye 49 ppm na 12 kΩ kwenye 182 ppm. Mwinamo ni ln(12 ÷ 30) ÷ ln(182 ÷ 49), yaani −0.698, na fomula yako inakuwa:

ppm = 49 × (30 ÷ Rs)^1.43

Rs ikisomeka 20 kΩ, jibu ni 88 ppm. Kituo cha kati, kile cha 96 ppm, ndicho shahidi: kisipoangukia karibu na mstari, boksi linavuja au hukusubiri vya kutosha. Kumbuka pia kwamba kosa la 10% kwenye Rs linageuka kuwa karibu 15% kwenye ppm, kwa ajili ya kile kipeo.

Mwinamo wa kwenye karatasi ya data unafaa kukuonyesha kama uko kwenye njia sahihi. Usiutumie kama mbadala. Vihisi viwili kutoka boksi moja la kiwandani vinaweza kutofautiana maradufu katika ukinzani wao.

Unyevu

Tabaka la oksidi halijui asilimia ya unyevu iliyo chumbani. Linaona idadi ya molekuli za maji zinazolifikia. Kwa hiyo sahihisha kwa unyevu halisi, gramu za maji katika mita ya ujazo, siyo kwa asilimia. Kutoka kwenye joto T la selsiasi na asilimia ya unyevu RH, unyevu halisi AH ni:

AH = 216.7 × (RH ÷ 100) × 6.112 × e^(17.62·T ÷ (243.12 + T)) ÷ (273.15 + T)

Kwenye 25 °C, boksi la chumvi ya kawaida lina takriban gramu 17 na la magnesi kloridi gramu 7.6. Fanya usawazishaji kwenye yote mawili, kisha ikokotoe Rs ya kati kwa mstari mnyoofu kati ya ncha hizo. Nje ya ncha hizo usinyooshe mstari mbali. Kwa usomaji wa siku za mvua hatua hii ina faida kubwa kuliko kubadilisha ADC.

Mipaka ya kukiamini

Chini ya 20 ppm usitegemee MQ-7. Mwongozo wa WHO wa 2021 unaweka wastani wa saa 24 kwa kaboni monoksaidi kwenye miligramu 4 kwa mita ya ujazo, ambazo ni takriban 3.5 ppm, kiwango hicho kinataka kihisi cha elektrokemia au chombo cha infraredi. Ukihitaji kubadilisha mwenyewe, mg/m³ = ppm × uzito wa molekuli ÷ 24.45 kwenye 25 °C, na kwa kaboni monoksaidi 1 ppm ni 1.15 mg/m³.

Kwenye viwango vya hatari kihisi kinafaa, ila ni kizito. Kiwango cha Ulaya cha EN 50291 kinataka king'ora cha nyumbani kilie ndani ya dakika 3 hewa ikifika 300 ppm, na kati ya dakika 60 na 90 ikiwa 50 ppm. Mzunguko wa sekunde 150 unakupa usomaji mmoja tu wa hakika ndani ya zile dakika 3, na wa pili kwa bahati. Hapo huwezi kutegemea kuhakikisha kwa usomaji wa pili.

Sumu za kihisi

Silikoni ndiyo adui mkuu. Mvuke wa gundi ya silikoni, wa dawa za kung'arisha na wa vipodozi vingine huungua juu ya tabaka moto na kuacha ganda la kioo la silika ambalo haliondoki. Mabomba yawe ya teflon, kioo au chuma cha pua, na kizibo cha sindano kisiwe cha silikoni. Misombo ya salfa kwa wingi, klorini na risasi nayo huharibu. Kihisi usichokitumia kiweke kwenye mfuko uliofungwa wenye hewa safi, bila pakiti ya jeli ya silika, kwani kukikausha kupita kiasi nako husogeza ukinzani wake.

Shida ya sumu ni kwamba ukinzani kwenye hewa safi unaweza kuonekana wa kawaida kabisa huku mwitikio kwa gesi umekufa. Kila mwezi rudisha kihisi boksini, ingiza sindano 5, uangalie kama kinasoma kati ya 40 na 60 ppm. Kikipita, endelea. Kikitoka nje ya hapo, sawazisha upya. Mwinamo ukiwa umelala, mathalani kutoka −0.70 hadi −0.45, kitupe.

Ukitaka gesi nyingine

Kwa vihisi vingine vya MQ mzunguko wa umeme unabaki ule ule, ila hita nyingi za familia hii hukaa kwenye 5 V muda wote bila awamu mbili. Kwa hidrojeni salfaidi tumia MQ-136. Usitegemee pua: karibu na 100 ppm uwezo wa kunusa harufu yake hupotea, na viwango vya juu zaidi ya hapo vinaweza kuua. Ondoa kikombe cha chumvi kabla ya kuingiza gesi hiyo au amonia, kwa kuwa zote mbili huyeyuka majini na kiwango ulichokihesabu kitakuwa cha uongo. Kwa nitrojeni dioksaidi chagua kihisi cha aina ya MiCS-2714, na ugeuze mantiki ya programu yako, maana huko Rs inapanda.

MQ-135 huuzwa ikisifiwa kwamba inapima kaboni dioksaidi. Haiwezi. Kaboni dioksaidi imekwisha kuungua, haina cha kufanya na oksijeni iliyonata kwenye oksidi ya bati. Unachokiona ni mivuke ya watu na ya vitu inayopanda pamoja nayo chumbani. Kwa kaboni dioksaidi nunua kihisi cha infraredi.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo kihisi chake, MQ-6, kikae sentimita 30 hivi kutoka sakafuni. Methani na amonia hupanda, weka karibu na dari. Kaboni monoksaidi ina uzito unaokaribiana na wa hewa. Weka kwenye kimo cha pua za watu waliokaa au kulala, mbali na dirisha na mbali na mvuke wa sufuria. Wavu wa chuma ulio juu ya kihisi huzuia moto wa hita usitoke nje, lakini haukifanyi kifaa chako kizima kuwa salama kwenye hewa inayoweza kulipuka. Propani, mojawapo ya gesi zilizo ndani ya gesi ya kupikia, huanza kuwaka kwenye 2.1%, yaani 21,000 ppm, basi king'ora kiwekwe kwenye sehemu ya kumi ya hapo, 2,100 ppm, na relei au swichi yoyote inayowashwa nacho ikae nje ya chumba.